Kamera ya Mbao Iliyokwama: Sababu Zake na Dawa Yake

Leo nataka kusema nanyi juu ya chombo cha zamani, nacho ni kamera ya mbao. Na hasa juu ya ugonjwa mmoja unaokipata chombo hicho, yaani kukwama kwa zile sehemu zake zinazopaswa kuteleza.

Huenda mtu akauliza, "Ya nini kujifunza habari za chombo cha kale, na hali siku hizi kila mtu hupiga picha kwa simu ya mkononi?" Nitamjibu kwa mambo mawili. Kwanza, kamera hizi zingali zipo, katika nyumba za watu waliorithi vitu vya wazee wao, katika makabati ya shule, na katika majumba ya makumbusho. Na nyingi katika hizo zaweza kupiga picha hata leo, kwa kuwa filamu kubwa za vipande zingali zikifanywa viwandani. Pili, kile kinachoikwamisha kamera ya mbao ndicho kinachokwamisha mlango wakati wa masika, na saraka ya meza, na kifuniko cha sanduku. Mwenye kuijua tabia ya mti katika kamera ataijua katika nyumba yake yote.

Tena kuna hasara kubwa ya kuepukwa. Kamera iliyoundwa mwaka 1900 imekwisha kuishi zaidi ya miaka 120. Imeokoka safari za baharini, mvua, joto, na mikono ya watu wengi. Lakini mtu mmoja asiyejua, akiivuta kwa nguvu kwa sababu imekwama, aweza kuipasua kwa dakika moja, na ubao uliopasuka katika mfuo wake mwembamba ni vigumu mno kuunganishwa ukawa kama mwanzo. Basi tuanze kwa kuijua kamera yenyewe.

Mwaka 1839 Mfaransa Louis Daguerre aliwatangazia watu njia yake ya kupiga picha juu ya bamba la shaba lililopakwa fedha. Kamera yake, iliyouzwa huko Paris na Alphonse Giroux, ilikuwa masanduku mawili ya mbao, moja likiteleza ndani ya jingine. Mpiga picha alisogeza sanduku la ndani mbele au nyuma mpaka picha ikaonekana safi juu ya kioo cha ukungu. Kwa hiyo tangu mwanzo kabisa, usafi wa picha ulitegemea mti kuteleza juu ya mti.

Baadaye mafundi waliacha masanduku mawili, wakatia mvukuto wa ngozi au wa nguo kati ya sehemu ya mbele na ya nyuma, mfano wa mvukuto wa mhunzi, ili kamera iweze kukunjwa na kuchukuliwa njiani. Katika Uingereza kazi hii ilisitawi sana. Kampuni ya Thornton-Pickard ilianzishwa Manchester mwaka 1888, ikahamia Altrincham mwaka 1891, ikawa mashuhuri kwa kamera zake za mbao ya mahogani zenye vyuma vya shaba nyeupe, ile shaba ing'aayo kama dhahabu. Na Frederick Sanderson, fundi wa kuchonga mbao katika mji wa Cambridge, aliyependa kupiga picha za majengo, alipata hati ya uvumbuzi wake mwaka 1895. Kwa uvumbuzi huo sehemu ya mbele ya kamera iliweza kupandishwa, kushushwa na kuinamishwa kama atakavyo mwenyewe.

Kamera hizo zilifika pande zetu pia. Katika mji wa Zanzibar wapiga picha kama A. C. Gomes walikuwa na nyumba zao za kazi kabla ya mwaka 1900, na zama hizo kazi nyingi ilifanywa kwa kamera za mbao na vioo vyenye dawa. Nao waundaji wa Ulaya waliona kwamba kamera zipelekwazo nchi za joto hupata taabu. Kwa hiyo walitengeneza namna nyingine kwa mti wa msaji, ambao una mafuta yake ya asili na haunyonyi maji upesi, wakazikaza pembe zake kwa vipande vya shaba na parafujo, ili zisitegemee gundi peke yake. Ninyi mnaoishi pwani mnaujua msaji, maana majahazi na samani nzuri zimefanywa kwa mti huo tangu zamani.

Sasa tuziangalie sehemu zinazoteleza. Ya kwanza ni kitanda cha kamera, yaani ubao wa chini unaokwenda mbele na nyuma. Kwa kawaida hupitia katika mifuo, ambayo ni njia nyembamba zilizochimbwa katika mti, na huendeshwa kwa kuzungusha kirungu cha shaba chenye magurudumu madogo ya meno, yanayouma katika vipande virefu vya meno. Ya pili ni ubao wa lenzi, unaopanda na kushuka ili mtu aweze kupiga picha ya jengo refu bila kuiinua kamera uso juu. Maana ukiiinua, kuta za jengo huonekana kana kwamba zinaangukia nyuma. Ya tatu ni mahali pa nyuma panapopokea kisanduku chembamba cha kioo au filamu. Na ya nne ni kifuniko cha kisanduku hicho, ambacho huchomolewa kabla ya kupiga picha na kurudishwa baadaye.

Kwa nini sehemu hizi hukwama? Sababu kubwa ni nne.

Sababu ya kwanza ni unyevu. Mti, hata ukiisha kukatwa na kukaushwa na kupigwa randa, hauachi kunywa na kutoa maji ya hewani. Hewa ikiwa na unyevu mwingi mti hutanuka, na hewa ikikauka mti hunywea. Lakini haubadiliki sawasawa pande zote. Kwa urefu, kufuata nyuzi zake, karibu haubadiliki kabisa. Kwa upana, kukata nyuzi zake, hubadilika sana. Chukua ubao wa mahogani wenye upana wa inchi 6, uliokatwa kwa namna ya kawaida. Maji yaliyomo ndani yake yakizidi kwa kadiri ya sehemu 4 katika kila 100 za uzito wa mti mkavu, upana wake huongezeka kwa milimeta 1 au zaidi kidogo. Milimeta 1 si kitu katika mlango wa zizi. Lakini katika kamera nafasi iliyoachwa kati ya ubao na mfuo wake ni ndogo kuliko hiyo, na hapo ndipo ubao unapokazana. Mahogani ilichaguliwa na mafundi wa kamera kwa sababu hubadilika kidogo kuliko miti mingine mingi, walakini haiwezi kujizuia kabisa.

Sababu ya pili ni uchafu na mafuta ya zamani. Mara nyingi mwenye kamera wa kwanza au wa pili aliona sehemu imekuwa nzito, akatia mafuta ya cherehani au mafuta mengine. Siku hiyo iliteleza. Lakini mafuta hushika vumbi, na kwa miaka mingi hugeuka kuwa kama gundi ya rangi ya kahawia.

Sababu ya tatu ni shaba yenyewe. Shaba ikikutana na mafuta ya kale au na unyevu hufanya kutu ya kijani, na kutu hiyo hujaza nafasi. Pengine kipande cha shaba kimepindika kwa kuangushwa, au parafujo zimekazwa kupita kiasi.

Sababu ya nne ni mkono wa mtu mwenyewe. Ukisukuma saraka ya meza kwa upande mmoja tu, saraka huenda mshazari, pembe zake zikauma mti, nayo hukwama hata kama haina kasoro. Kamera ni vivyo hivyo. Na kuna kosa moja ambalo wengi hawalitambui. Kirungu cha kitanda huzungusha magurudumu mawili, moja kila upande. Ikiwa zamani mtu alikitoa kitanda na kukirudisha, akalitangulia jino moja upande wa kulia kuliko wa kushoto, basi kitanda kitakwenda mshazari siku zote, na hakuna nta wala mafuta yatakayokiponya. Dawa yake ni kukitoa chote, kukiweka sawa mbele ya magurudumu, na kukiingiza pande zote mbili kwa wakati mmoja.

Basi kabla ya kutia dawa, ujue ugonjwa. Jiulize: je, kamera hukwama wakati wa mvua tu, na kulegea wakati wa kiangazi? Kama ndivyo, unyevu ndio wenye lawama. Je, hukwama njia nzima, au mahali pamoja tu? Ikiwa ni mahali pamoja, tafuta kutu, parafujo iliyojitokeza, au ubao uliopindika. Angalia kingo za mti penye mwangaza mzuri: mahali panaposuguana huwa pameng'aa kuliko pengine. Kama hapaonekani, fanya kama wafanyavyo maseremala. Pitisha chaki kidogo juu ya ukingo wa ubao, uusogeze mara moja taratibu, kisha uutoe. Mahali chaki ilipofutika ndipo panapobana. Halafu ufute chaki yote.

Ukiisha kujua, anza kazi hatua kwa hatua, kutoka dawa nyepesi kwenda nzito.

Kwanza, toa lenzi na kisanduku cha filamu, uviweke mbali. Tandika kitambaa safi mezani. Chora katika karatasi mfano wa kamera, na kila parafujo utakayoitoa uichomeke katika karatasi ngumu mahali pake pale pale, kwa maana katika vyombo vilivyoundwa kwa mkono parafujo moja haikai vema katika tundu la mwenzake. Tumia bisibisi ambayo ncha yake hujaza mfuo wa parafujo, kwa upana na kwa unene. Bisibisi ndogo huharibu kichwa cha parafujo, nawe utabaki huna la kufanya. Parafujo ikikataa kutoka, gusa kichwa chake kwa ncha ya chuma cha moto kwa muda mfupi, bila kugusa mti, uache ipoe kidogo, kisha ujaribu tena.

Pili, jaribu kulegeza kabla ya kusafisha. Parafujo za vipande vya shaba vinavyoshika ubao zilegeze kwa robo ya mzunguko. Mara nyingi hiyo tu yatosha, na kazi imekwisha.

Tatu, ikiwa unyevu ndio ulioleta shida, iweke kamera katika chumba kikavu chenye kupitisha hewa, ikiwa imefunguliwa, kwa muda wa siku nyingi. Usiianike juani, wala usiiweke karibu na moto. Mti ukikaushwa upesi hukauka nje kabla ya ndani, nao hupasuka, na gundi ya kale, iliyopikwa kwa ngozi na mifupa ya wanyama, huachia. Pole pole ndiyo mwendo.

Nne, safisha. Vumbi litolewe kwa burashi laini na kavu. Katika mifuo tumia kijiti kilichochongwa bapa, ukakizungushia kitambaa. Mafuta yaliyoganda hulainishwa kwa tapentaini kidogo sana juu ya kitambaa. Kitambaa kiwe na unyevu tu, kisitone. Jaribu kwanza mahali pasipoonekana. Fanya kazi hiyo dirisha likiwa wazi, na moto uwe mbali. Lakini jihadhari sana na spiriti. Vanishi ya kamera nyingi za zamani ilifanywa kwa kuyeyusha lakiri katika spiriti, na spiriti itaiyeyusha tena mara moja, ikaacha alama isiyofutika. Maji nayo hayafai, kwa maana ndiyo adui tuliyekuwa tukimfukuza.

Tano, shaba yenye kutu iondolewe kwanza katika mti, ndipo isafishwe peke yake kwa kitambaa na unga wa chaki, kisha ipanguswe ikauke kabisa. Ukisafisha shaba ikiwa bado katika mti, unga utajaa katika nyuzi za mti, nao utaonekana mweupe milele. Meno ya shaba yasuguliwe kwa mswaki mkavu. Yakiisha kutakata, yapitishie ncha ya penseli laini. Unga mweusi wa penseli hulainisha madini bila mafuta. Lakini pangusa unaozidi.

Sita, tia nta, na hapa ndipo watu wanapokosea zaidi. Nta ifaayo mifuo ya mti ni mshumaa mweupe wa kawaida, mkavu na mgumu. Sugua mshumaa juu ya kingo za ubao na ndani ya mfuo, kidogo tu, kama mtu anayeandika kwa chaki. Rudisha ubao, uupeleke mbele na nyuma mara kumi hivi, uutoe tena, upanguse chembe zote zilizobaki. Kama bado ni mzito, rudia mara moja. Nta hii hukaa juu ya mti, hainyonywi sana, haikauki, wala haivuti vumbi kama mafuta.

Mafuta ya nazi, mafuta ya cherehani na samli visitiwe katika mti kamwe. Huingia katika nyuzi, huharibu vanishi, na baada ya miaka michache ile gundi ya kahawia hurudi. Sabuni, ambayo maseremala wengine huisugua katika saraka, haifai kwa kamera, kwa sababu huvuta unyevu wa hewani na huiletea shaba kutu. Nta ya nyuki ni nzuri kwa kung'arisha samani, lakini peke yake hunata, na katika joto la pwani hunata zaidi.

Saba, na hii ni dawa ya mwisho kabisa, ni msasa. Mti ulioondolewa haurudishwi. Mtu akiusugua ubao mwezi wa Aprili, mvua zikiwa nyingi, mpaka ukateleza vizuri, mwezi wa Februari, jua likiwa kali, ataukuta umelegea. Ubao wa lenzi uliolegea huinama, nayo picha huwa safi upande mmoja na ukungu upande wa pili; tena mwanga hupenya katika nafasi hiyo na kuharibu filamu. Kwa hiyo ngoja majira yote mawili yapite, ya mvua na ya kiangazi, ndipo uamue. Kama ni lazima, zungushia msasa laini kabisa juu ya kipande cha mti kilichonyooka, usugue kufuata nyuzi, pale tu chaki ilipokuonyesha, mara tatu au nne, kisha ujaribu.

Kifuniko cha kisanduku cha filamu kina sheria zake. Kijaribu kikiwa mkononi, pasipo filamu ndani. Kikikwama kikiwa katika kamera, na wewe ukakivuta kwa nguvu, kamera yote husogea, na picha uliyoipanga kwa nusu saa hupotea. Nta kidogo ipakwe kingo zake mbili tu. Usiiguse mahameli iliyo mlangoni, kwa maana kazi yake ni kuzuia mwanga, na mahameli iliyoshikwa na nta hulala, ikaacha mwanga upite. Tena chembe ya nta au ya penseli ikiangukia filamu kabla ya kupigwa picha, huzuia mwanga mahali hapo, nayo huonekana kama doa jeusi katika picha iliyochapwa.

Kamera ikiisha kupona, itunzwe. Usiifunge katika mfuko wa plastiki ukiwa na unyevu ndani, kwa sababu koga itaota juu ya ngozi na juu ya lenzi. Iweke katika kabati kavu lenye kupitisha hewa, mbali na sakafu na ukuta wenye unyevu. Mara moja kila mwezi ifungue, unyooshe mvukuto, upeleke kila sehemu mwendo wake wote, kisha uifunge. Chombo kinachotumiwa hutangaza ugonjwa wake mapema, nao ni mwepesi kutibika.

Nanyi wanafunzi, kama hamna kamera ya mbao, chukueni saraka ya meza ya shule inayokwama. Pimeni kimo cha mbao zake za kando kwa rula katika mwezi wa mvua, mwandike. Pimeni tena katika mwezi wa kiangazi, mwandike. Kisha itafuteni mahali inapobana kwa chaki, muisafishe, na muisugue mshumaa. Hesabu zenu wenyewe zitawaonyesha namna mti unavyokunywa hewa, na mwalimu hatakuwa na haja ya kumwita seremala.